Eti chainizi "ni ya ugali": mastaa, acheni kutuuzia msosi wa Kiasia kwa bei ya kodi ya chumba

Leo hapa hakuna stori ya nani kaachana na nani, wala nani kahama nyumba usiku. Leo ni msosi, na naandika nikiwa nimechukia, kwa hiyo mnivumilie.

Wengi mmeshaiona ile video. Staa wetu mmoja, simtaji, mwenyewe atajijua, jiko lake lina taa nyingi kuliko studio ya muziki. Kapika alichokiita "dina simpo ya Kiasia ya katikati ya wiki". Simpo! Mezani kuna vichupa saba, lebo zote zimeikodolea kamera kama askari kwenye gwaride. Kuna mafuta ya ufuta ya kutoka nje, unga wa supu ya Kijapani, mchele wa pakiti yenye maandishi ambayo hata yeye hayasomi, na mboga ya majani imeviringishwa kwenye nailoni kama zawadi ya harusi. Mwisho anatuambia imemchukua dakika ishirini tu, kwa hiyo hatuna kisingizio cha kula chipsi mayai kila siku.

Mpaka hapo ningepita zangu, kila mtu na biashara yake. Ila kwenye komenti kuna binti kauliza kwa adabu kabisa: dada, mimi hiyo mboga sina, naweza kuweka chainizi? Staa akajibu, na vikatuni vitatu vya kucheka: hapana mpenzi, hiyo ni ya ugali. Chini yake likashuka jeshi la mashabiki, binti wa watu akachekwa, akaitwa mshamba, akaitwa wa uswazi. Nilivyorudi kuangalia kesho yake alikuwa ameifuta komenti yake.

Sasa ngoja tulisome hilo jina polepole. Chai-ni-zi. Mboga imebeba Uchina mgongoni, kila mama lishe hapa mjini anaiita hivyo, halafu wewe unasema haifai kwenye chakula cha Kichina? Ile ya kwenye nailoni na hii inayouzwa fungu jero pale pembeni ya barabara ni ukoo mmoja. Moja ina shina nene jeupe, nyingine ina majani mengi. Kwenye upishi unachobadilisha ni kitu kimoja tu: unatenganisha shina na majani, shina linaingia kwenye karai kwanza, dakika moja, moja na nusu, halafu majani, ukihesabu mpaka thelathini unazima. Kitunguu saumu kimetangulia kwenye mafuta, tangawizi umeikwaruza, soya sosi kijiko kimoja cha chakula mwishoni, chumvi usitie kwa sababu soya sosi yenyewe ni chumvi tupu. Mdogo wangu uliyeifuta komenti, jibu lako ndilo hilo. Weka chainizi.

Hivi mnajua kwa nini hili linaniuma? Sie tunaosomana hapa tunajuana. Wewe unauza vifaa vya simu Aggrey, wewe nguo Mtaa wa Kongo, mwingine yuko kaunta ya miamala, mwingine bodaboda. Tunatoka saa moja usiku, foleni au kubanana kwenye mwendokasi, unafika geto saa mbili na nusu. Una chumba kimoja, mtungi wa gesi wa kilo sita, sufuria mbili na kikaango. Hapo unaamua: upike, au ushuke chini kwa muuza chipsi. Ukishaambiwa kwamba kupika kitu kitamu kunahitaji vichupa saba, unashuka chini. Kesho unashuka tena. Mwisho wa mwezi unakopa kwenye simu ili ule, na unaona tatizo ni wewe hujui maisha. Kumbe tatizo ni mtu aliyekuonyesha jiko lisilo lako akaliita simpo.

Na kinachoudhi zaidi, upishi wa namna hii kiukweli ndio unaotufaa sie kuliko wao! Kukaanga kwa moto mkali kwa dakika tano unatumia gesi kidogo sana ukilinganisha na kuchemsha maharage masaa mawili. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa, tunaitaka. Ila mtungi wa kilo sita hauishi muda mrefu kwa mapishi ya mkaa. Wapishi wa Kichina kukata kila kitu vipande vyembamba kabla hawajawasha moto ni akili ya mtu anayebana kuni. Hiyo ndiyo elimu ambayo staa angetupa. Yeye katupa kodi ya punguzo ya kununulia vichupa.

Halafu hii "Kiasia" yenyewe. Nikiangalia kurasa zao, Asia ni Korea na Japani, na China kidogo ikibaki nafasi. Naelewa ilikotoka, wote tumekesha na tamthilia za Kikorea zilizotafsiriwa Kiswahili, mtu anavuta tambi kwenye sufuria usiku wa manane na wewe mate yanakudondoka. Ila jamani, India iko bara gani? Kutoka Kariakoo ukikatiza Mnazi Mmoja, kwa mguu tu, uko Kisutu, uko Mtaa wa India, mbele kidogo uko Upanga. Watu wanakula chakula cha Kiasia pale kila jioni ya katikati ya wiki tangu kabla bibi zetu hawajazaliwa, na hakuna anayekiita "trendi". Chapati ni neno lao. Bajia, lao. Kachori, lao. Karai lenyewe unalokaangia maandazi, jina limetoka India. Mpunga tunaojivunia wa Kyela na wa Kahama, asili yake Asia, na ulifika pwani hii karne nyingi kabla Mreno hajakanyaga. Kwa hiyo mama yako alivyokuwa anakupikia wali na mchuzi wa choroko Jumanne usiku, alikuwa anapika dina ya Kiasia ya katikati ya wiki. Hakuwa na taa tu.

Tena safari sio ya upande mmoja. Ukwaju, ambao Wathailand wanautia kwenye tambi zao maarufu na dunia nzima inawasifia, asili yake ni Afrika. Jina la kisayansi limeandikwa India lakini mti ni wa kwetu. Nimemuona kaka mmoja wa mtandaoni, mwingine huyu, akilalamika kwamba hapa Dar "hupati malighafi". Kaka, ukwaju unauzwa kwenye ndoo, unakunywa juisi yake kila siku ukiwa unamsubiri abiria.

Tuje kwenye wali wa kukaanga, maana hapa ndipo wanapotupoteza kabisa. Staa kachemsha mchele mpya, kautoa jikoni unafuka moshi, kaumwaga moja kwa moja kwenye kikaango. Mkiangalia vizuri, dakika ya sita ya video, ule ni uji. Kamera ikahama haraka, ikarudi kwenye sahani iliyopambwa ambayo nina wasiwasi imetoka hotelini. Wali wa kukaanga haupikwi kwa wali wa moto. Ni chakula cha kiporo! Ndiyo maana kiligunduliwa, mtu kabaki na wali wa jana, umepoa, umekauka, punje zimeachana, anautia kwenye mafuta na yai na kitunguu ili usitupwe. Sie kiporo tumekulia, tumekipasha asubuhi tukaenda nacho shule. Leo kiporo kimevaa suti, kimeitwa fraidi raisi, kinauzwa wekundu wawili, na aliyekulia kiporo anaambiwa hajui kukipika.

Ila hapa nikae kidogo kwa sababu ni ishu ya afya. Kiporo cha wali kina masharti yake kwenye joto la Dar. Wali ukilala nje ya friji usiku kucha kuna bakteria wanazaliana mle na kuacha sumu ambayo haiondoki hata ukiukaanga mpaka uungue, na wali hauonyeshi kila mara kwa harufu. Mwenye friji, uache upoe, ndani ya saa moja uwe umeshaingia ndani. Huna friji, fanya hivi: pika mchele kwa maji pungufu kidogo kuliko unavyozoea, ukiiva umwage kwenye sinia, utandaze mwembamba, washa feni uupulize nusu saa. Wakati unaoga na kukata karoti na hoho, wali unakauka. Hapo utapata punje zinazoachana, na umeupika na kuula usiku huo huo.

Kukaanga kwenyewe: karai liwe la moto kweli, mafuta yaanze kuonyesha moshi kwa mbali. Mayai mawili, yavuruge, yatoe pembeni. Kitunguu, saumu, tangawizi, karoti, hoho. Rudisha moto mkali, wali, usiujaze karai. Jiko la mtungi mdogo halina nguvu, ukiweka wali wa watu wanne kwa mkupuo unapoa na unaanza kutoa maji. Pika wa watu wawili, toa, rudia. Soya sosi ipitishe pembeni ya karai sio juu ya wali. Mayai yarudi, vitunguu majani juu. Kama jana ulibakisha nyama au kuku wa kuchoma, mchambue, mtie. Mimi hapo naongeza pilipili mbuzi nusu, lakini hiyo ni shida yangu na tumbo langu.

Soya sosi nunua, sipingi. Chupa ndogo kwangu inakaa mwezi na nusu. Katika vichupa saba vya kwenye ile video hicho ndicho pekee chenye kazi ambayo kitu cha hapa hakiifanyi.

Mengine sita tuyapekue. Mafuta ya ufuta. Jamani, ufuta! Lindi na Mtwara wanalima ufuta, unauzwa kwa minada ya stakabadhi ghalani, unapanda meli kwenda China na Japani. Halafu sie tunanunua kichupa cha mafuta yake kimesafiri mabahari mawili, na staa anatuambia hakuna mbadala. Nunua ufuta wa kikombe kule kwa wauza viungo, zamani tulikuwa tunashukia Shimoni kabla soko halijaungua Julai 10, 2021. Ukaange mkavu kwenye kikaango moto mdogo, ukianza kurukaruka na kunukia epua, utwange na chumvi chembe. Nyunyiza juu ya chainizi au tambi. Harufu ni ile ile unayoilipia kwenye kichupa, na mbichi zaidi.

Na mkidhani masoko ya Asia ni habari ya mapambo, muulizeni mkulima wa mbaazi. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia kwao, na huku bei ikaporomoka, watu wa kusini wakabaki na magunia ndani. Kwa hiyo sahani ya mtu wa Mumbai inaamua ada ya mtoto wa Nachingwea. Uhusiano wetu na jiko la Asia ni mzito hivyo. Mtu anaupunguza uwe vijiti viwili vya kulia na kibakuli cheusi.

Unga wa supu ya Kijapani: supu yao nyingi inaanza na mwani au vidagaa vilivyokaushwa. Vi-da-gaa. Dagaa wa Kigoma ni ndugu kabisa wa sadini unaowajua wa kwenye kopo. Toa vichwa na matumbo, hapo ndipo uchungu unapokaa, wakaange wakavu dakika mbili, chemsha na maji, tangawizi na kitunguu kwa dakika kumi na tano, chuja. Una supu ya kutilia tambi. Tia yai, chainizi, pilipili. Yule jirani anayepika dagaa na unaziba pua, ndiye mwenye hazina. Wamalesia nao wana wali wao wa nazi unaoliwa na vidagaa vilivyokaangwa vikawa vikavu kama krispi, na karanga pembeni. Ukimpelekea mtu wa Tanga atakuuliza "mpya ni nini hapo?"

Majani ya mchaichai hayahitaji hata kuelezwa. Nyumba za uswazi unaota uani bure, tunautia kwenye chai. Kata shina la chini, liponde kwa mchi, litupe kwenye tui la nazi na tangawizi, bizari ya manjano na ndimu. Tia samaki wa vipande au mayai ya kuchemsha, dakika kumi na mbili. Hapo una kitu ambacho Bangkok wangekielewa bila mkalimani. Na tambi za ukwaju ni nyepesi zaidi: ukwaju uliolowekwa, sukari kijiko, soya sosi, pilipili, tambi zilizochemka nusu, karanga zilizotwangwa. Tambi za kawaida kabisa, zile tunazozila na sukari na nazi mwezi wa Ramadhani.

Najua wanaokuja. "Una wivu, anzisha jiko lako." "Mwache dada atafute riziki." Riziki atafute, nani kamkataza. Akilipwa kuonyesha kichupa aseme tu nimelipwa, tutamuelewa, wengine tunaweza hata kukinunua. Ninachokataa ni tangazo kuvaa nguo za ushauri, halafu anayeuliza njia ya bei nafuu anachekwa mbele ya watu. Ule mcheko ndio ulikuwa sehemu ya mauzo. Mtu akiona aibu ya chainizi, atanunua nailoni. Na wewe shabiki uliyecheka, nakuhakikishia friji yako ina chainizi sasa hivi. Kama una friji.

Mwingine ataniambia chakula cha nje kipikwe kama cha nje, ukibadilisha sio chenyewe tena. Huyo nampa heshima yake, hoja ipo. Ila Wachina walioko Kariakoo hapa hapa, waliofungua maduka na kukaa nasi, mnadhani wanapika nini usiku? Wengine nimewaona sokoni wanabeba chainizi, tangawizi na nyanya zile zile ninazobeba mimi, na wanabishana bei kwa Kiswahili kizuri kuliko cha baadhi ya mastaa wetu. Hakuna aliyeniuliza nailoni inauzwa wapi.

Kitu cha mwisho ambacho kwenye ile video kilitolewa kwenye kikopo: vichipukizi vya maharage. Alivishika kwa ncha za kucha kama dhahabu. Hivyo ni choroko, wadau. Choroko zimeota. Usiku huu chukua kikombe kimoja, chambua zilizovunjika, osha, loweka kwenye maji mpaka asubuhi. Mwaga maji, ziweke kwenye chujio au ndoo ndogo iliyotobolewa chini, funika na kitambaa safi kibichi, weka mahali pa giza. Asubuhi na jioni unazisuuza na kuacha maji yachuruzike yote, yakituama zinaoza. Kwa joto letu siku ya tatu zina mikia mirefu kama kidole. Usizile mbichi, zipitishe kwenye karai la moto mpaka zipate moto ndani, bado zitakuwa na kishindo ukitafuna. Kikombe kimoja kinajaza bakuli kubwa.

Ukiloweka leo Jumatano, Jumapili jioni unapika. Piga picha na taa ya kawaida ya chumbani, sufuria ikiwa na masizi usiifiche, nitumie, nitaziposti zote hapa. Lebo sitaki.